Jina la Bratwurst: Mnofu Uliodhaniwa Moto

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa walimu na wafasiri wa Kiswahili wanaoishi Ujerumani. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wafasiri wenzangu, mabibi na mabwana: wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo.

Mada niliyopewa imewachekesha baadhi yenu tangu ilipobandikwa mlangoni, na sishangai. Mtu mzima kusimama mbele ya watu wazima kuzungumzia jina la soseji! Lakini niwaulize: kati yetu sisi tunaofasiri menyu za mikahawa, vitabu vya mapishi na vijikaratasi vya watalii, ni nani ambaye hajawahi kuandika "soseji ya kukaanga" au "soseji ya kuchoma" pale alipokutana na neno la Kijerumani Bratwurst? Na ni nani aliyesita, kalamu mkononi, akajiuliza kama jina lenyewe linasema hivyo kweli? Ndugu zangu ambao nguruwe hamumgusi, msiwe na wasiwasi. Leo tunashughulika na jina tu, sahani tunawaachia wenyewe.

Ninalotaka kusema ni moja. Bratwurst haikupewa jina lake kwa sababu ya moto. Ilipewa jina hilo kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Moto ulikuja baadaye, ukaingia katika jina kupitia masikio ya watu, na leo umekaa humo kama mpangaji aliyesahaulika kuwa ni mpangaji.

Tuanze na maelezo ambayo kila mtu atakupa ukimwuliza. Kijerumani cha leo kina kitenzi braten, ambacho kinabeba mambo ambayo sisi tunayatenga: kukaanga katika kikaango, kuoka nyama katika tanuri, na hata kuchoma juu ya wavu. Wurst ni soseji, na hapo hakuna mgogoro. Basi ukiunganisha viwili hivyo unapata soseji ya kukaanga au ya kuchoma, na ukienda kwenye kibanda chochote cha barabarani utamwona muuzaji akizigeuza kwa koleo juu ya mkaa, moshi ukimpanda usoni, haradali ikisubiri pembeni. Macho yanathibitisha kile ambacho masikio yamesikia. Nani atabisha?

Atakayebisha ni mpishi wa Franken, kaskazini mwa Bavaria. Huko kuna chakula kinachoitwa Blaue Zipfel. Mpishi huchemsha maji, siki na vitunguu vingi vilivyokatwa pete, pamoja na pilipili manga na viungo vingine, kisha hupunguza moto mpaka mchuzi uache kutokota, ndipo anapotumbukiza soseji mbichi. Hazikaangwi. Hazioni mkaa. Huiva polepole ndani ya mchuzi ule wa siki, na ngozi yake hubadilika rangi ikawa na weupe unaoelekea buluu, ambako ndiko jina la chakula hicho lilikotoka. Huletwa mezani katika sahani yenye kina, zikiogelea na vitunguu vyake, na mkate pembeni. Sasa mwulize mpishi yule: hizi ulizotumbukiza humu ni soseji gani? Atakujibu bila kufikiri: ni Bratwurst. Ni zile zile ambazo angeziweka juu ya wavu kama mteja angetaka hivyo. Soseji ambayo haijakaribia kikaango inaitwaje "ya kukaanga"?

Na ipo hoja nyingine, iliyofichwa mahali pa wazi kabisa. Soseji mashuhuri za Thüringen, jimbo la katikati ya Ujerumani, ambazo jina lake Umoja wa Ulaya umelilinda kwa sheria, haziitwi Bratwurst tu. Zinaitwa Rostbratwurst, na zile za mji wa Nürnberg, huko Franken, zimelindwa kwa majina yote mawili, Bratwurst na Rostbratwurst. Rost ni wavu wa kuchomea. Kama sehemu ya kwanza ya Bratwurst ingekuwa inajitosheleza kutwambia habari za kuchoma, wavu ungehitajika wa nini tena? Aliyeongeza neno Rost aliliongeza kwa sababu jina lenyewe lilikuwa halijamwambia mnunuzi jambo hilo.

Basi jina linasema nini? Katika Kijerumani cha kale, kile kilichosemwa takriban kati ya karne ya 8 na ya 11, kulikuwa na neno brāt lenye irabu ndefu, na maana yake ilikuwa nyama tupu, nyama iliyoondolewa mifupa na takataka zake. Sisi tunalo neno lake kamili, wala hatuna haja ya kukopa kwa jirani: mnofu. Brātwurst ilikuwa soseji ya mnofu. Jina lilikuwa likiitofautisha na soseji za damu, za ini na za vitu vingine ambavyo mchinjaji hodari havitupi.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wasomi wa maneno yaliyokufa. Hapana. Neno hilo halijafa, limejificha buchani. Ukiingia katika chumba cha kazi cha bucha ya Kijerumani, utaona mashine yenye bakuli pana linalozunguka na visu vinavyokwenda kasi, na utamwona mchinjaji akimimina barafu iliyopondwa juu ya nyama, kwa sababu visu vinatia joto na joto linaharibu mshikamano wa nyama. Kinachotoka humo ni rojo laini, zito, lenye rangi ya waridi, linalonata kidoleni. Mwulize: hiki kinaitwaje? Atasema: Brät. Bado ni kibichi. Bado hakijaingia katika utumbo. Moto hauko hata karibu, bali kuna barafu. Lakini kinaitwa Brät. Katika Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani, akina mama wa nyumbani hununua Brät hiyo kwa uzito, wakaifinyanga vidonge na kuvitia katika supu.

Neno hilo limejificha pia porini. Nyama ya mawindo kwa Kijerumani huitwa Wildbret, na ile silabi ya mwisho ni brāt yetu ile ile, imepinda kidogo kwa uzee. Nyama ya kulungu ikiwa bado mbichi, imening'inia kwenye ndoano, tayari ni Wildbret; haisubiri jiko ili ipate jina. Na hata nje ya Kijerumani lipo: Kiingereza kina brawn, lililofika huko kwa kupitia Kifaransa cha kale, na ambalo leo linamaanisha misuli na nguvu za mwili. Mnofu, tena.

Sasa, ilikuwaje mnofu ukageuka moto? Palikuwa na maneno mawili yaliyofanana kwa sauti, moja likimaanisha nyama na lingine likimaanisha tendo la kuoka au kukaanga. Lile la nyama lilianza kurudi nyuma katika mazungumzo ya kila siku, mpaka likabaki mali ya watu wa bucha. Lile la kukaanga likabaki katika kila jiko na kila kinywa. Mtoto aliyezaliwa Erfurt au Nürnberg, aliyekuwa hajawahi kuisikia Brät lakini kila Jumapili anasikia braten, angelisikiaje jina Bratwurst? Alilisikia kwa neno alilokuwa nalo. Hata nomino Braten, ambayo leo inamaanisha pande la nyama iliyookwa, ilianza maisha yake ikiwa ni nyama tu, kisha kitenzi kikaivuta upande wake.

Tusiwacheke Wajerumani. Sisi tulichukua kitabu kutoka kwa Waarabu, ambako kaf ni herufi ya shina la neno na haina uhusiano wowote na umoja au wingi. Sikio letu likasikia ki-, likasema, ahaa, wingi wake ni vitabu. Sikio halikuomba ruhusa ya mwanasarufi yeyote. Na madereva wetu, walipoletewa amri ya Kiingereza ya kushika kushoto kwenye mzunguko wa barabara, walipata kipilefti kimoja na vipilefti viwili. Sikio la binadamu halipendi silabi isiyo na kazi, na likikuta iliyo wazi huipa ajira.

Ndugu zangu, niwapeleke sasa Arnstadt, mji mdogo wa Thüringen, tarehe 20 Januari 1404. Katika mji huo kulikuwa na nyumba ya watawa wa kike, na nyumba ya watawa, kama taasisi yoyote, huandika matumizi yake. Siku hiyo katika hesabu zao paliingizwa mstari mmoja mfupi: 1 gr vor darme czu brotwurstin. Groschen moja, yaani sarafu moja ya fedha ya enzi hizo, kwa ajili ya utumbo wa kutengenezea Bratwurst. Basi. Hakuna sherehe, hakuna maelezo, hakuna sifa za mpishi. Karatasi hiyo imehifadhiwa katika nyaraka za serikali huko Rudolstadt, na watu wa Thüringen wanaitaja kwa fahari ambayo mataifa mengine huiweka kwa vita walivyoshinda. Watu wa Nürnberg nao wana mwaka wao wanaoutaja, 1313, na mabishano ya miji hiyo miwili sitayaingilia, maana ni ugomvi wa ndugu.

Lakini tuusome mstari ule kwa macho ya mfasiri. Kilichonunuliwa ni nini? Ni utumbo. Nyama haikutajwa katika mstari huo, wala kuni, wala mkaa, wala kikaango. Mwandishi wa hesabu alifikiria kitu kinachojazwa na kitu kitakachokijaza. Na tazameni alivyoandika: brotwurstin, kwa o. Katika matamshi ya sehemu zile ile a ndefu ya kale ilikuwa imeelekea kwenye o. Mtu wa leo asiyejua hivyo angeona Brot, yaani mkate, na angeapa kwamba watawa wale walikuwa wakitengeneza soseji za mkate. Jina moja limekwisha kutupa maana tatu, na mbili kati yake ni za sikio na jicho tu!

Miaka 28 baada ya hesabu ile, yaani mwaka 1432, mji wa Weimar uliweka kanuni kwa watengenezaji wa soseji wa Thüringen. Kanuni hiyo ililala katika nyaraka za mji mpaka mwaka 2007, ilipogunduliwa upya na magazeti yakaiandika sana. Iliagiza nini? Kwamba soseji itengenezwe kwa nyama safi na isiyoharibika, na ikakataza kuchanganya humo viungo vya ndani na vitu vilivyochacha. Aliyekiuka alitozwa faini ya pfennig 24, sarafu ndogo za wakati huo. Mnaona walichokuwa wakikijali? Hawakuuliza inachomwa kwa muda gani au juu ya mkaa wa mti gani. Waliuliza: ndani kuna nini? Ukishafunga utumbo, mnunuzi haoni kitu. Amebaki na jina na uaminifu wa muuzaji. Kwa maoni yangu, jina Bratwurst katika enzi hizo lilikuwa karibu na kiapo. Lilisema: humu kuna mnofu.

Naona Mwenyekiti anatazama saa, lakini sitaweza kuondoka bila kuwapa kisa cha Bockwurst, kwa sababu ndicho kinachonipa raha kuliko vyote.

Bock kwa Kijerumani ni beberu, dume la mbuzi. Bockwurst basi ingekuwa soseji ya beberu. Je, ina nyama ya mbuzi? Haina. Imewahi kuwa nayo? Sivyo jina lilivyopatikana. Kusini mwa Saxony ya Chini kuna mji unaoitwa Einbeck, ambao katika zama za kati ulikuwa ukipika bia kali na kuisafirisha mbali, hata ikafika kwenye meza za watawala wa Bavaria, mjini München. Watawala wale waliipenda mno hata wakaona gharama za kuiagiza zinawaumiza, na mnamo mwaka 1614 wakamleta mpika bia kutoka Einbeck, Elias Pichler, aje aipike kwao, katika Hofbräuhaus, kiwanda chao cha bia. Bia ikabaki na jina la mji wake. Lakini Einbeck katika kinywa cha mtu wa München haikubaki Einbeck. Iligeuka kitu kama Ainpock, na Ainpock kwa sikio la Kibavaria ni ein Bock. Yaani nini? Yaani beberu mmoja. "Nipe beberu mmoja," akasema mlevi, na mwenye baa akamletea bia. Mji mzima ukapotea, na mahali pake akasimama mbuzi. Mpaka leo chupa nyingi za bia ya Bock zimechorwa beberu mwenye pembe, na mchoraji hana habari kwamba anachora kosa la usikivu wa miaka mia nne iliyopita.

Soseji iliyoliwa pamoja na bia hiyo ikaitwa Bockwurst. Mwanaisimu Johann Andreas Schmeller aliiweka katika kamusi yake ya Kibavaria mwaka 1827, akaieleza kuwa ni soseji inayoliwa na bia ya Bock. Sasa nendeni Berlin mkaulize. Mtasimuliwa kwa ufasaha mkubwa kuhusu mwenye baa mmoja jirani na stesheni ya Görlitz, Kreuzberg, ambaye mwaka 1889 aliwapa wanafunzi soseji pamoja na bia ya Bock, na hapo hapo jina likazaliwa. Ni kisa kizuri, kina mahali, kina mwaka, kina wanafunzi wenye njaa. Tatizo lake ni dogo tu: kimechelewa kwa miaka 62. Visa vya asili ya majina ya vyakula vina tabia hiyo. Kadiri kisa kinavyokuwa na mwaka kamili na mtu mmoja shujaa, ndivyo ninavyozidi kutafuta kamusi ya zamani.

Kuhusu Frankfurter na Wiener nitapita haraka, kwa sababu wengi mnakijua kichekesho hicho. Mchinjaji Johann Georg Lahner alijifunza kazi Frankfurt, akahamia Vienna, na mwanzoni mwa karne ya 19 akaanza kuuza huko soseji nyembamba za nyama ya nguruwe iliyochanganywa na ya ng'ombe, akaziita Frankfurter. Mpaka leo mtu wa Vienna anaziita hivyo, na mtu wa Ujerumani soseji hizo hizo anaziita Wiener, yaani za Vienna. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Na zile ambazo Frankfurt yenyewe inazitambua kuwa Frankfurter ni za nguruwe peke yake. Mfasiri akilitafsiri jina bila kuuliza menyu imeandikwa mji gani, mteja asiyekula ng'ombe au asiyekula nguruwe atalipia kosa hilo kwa tumbo lake.

Kabla hamjasema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na sisi hayatuhusu, tieni mikono mifukoni. Mna hela? Neno hilo, ambalo Tanzania nzima inalitumia kila siku, tuliachiwa na Wajerumani: Heller, sarafu ndogo ambayo tangu mwaka 1904 mia moja zake zilifanya rupia moja katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Na Heller ni nini? Ni sarafu iliyopewa jina la Hall, mji wa kusini mwa Ujerumani ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall, ulikokuwa ukifuliwa pfennig zake. Einbeck ilipotea ndani ya beberu. Hall ikapotea ndani ya mifuko yetu. Anayesema "sina hela" pale Kariakoo anautaja mji wa Swabia bila kujua, na hadaiwi kujua.

Sasa turudi kazini kwetu. Katika faharasa ya vyakula ambayo baadhi yetu tunaiandaa, Bratwurst tuiandikeje? Najua wapo watakaotaka tuandike "soseji ya mnofu" kila mahali, kwa kuwa ndiyo asili. Mimi sikubaliani nao. Mjerumani anayeuza Bratwurst leo, na Mjerumani anayeinunua, wote wawili wanasikia braten ndani yake, na maana ya neno ni mali ya wanaolitumia kuliko ya waliokufa. Kwa hiyo katika menyu ya kibanda cha barabarani "soseji ya kuchoma" ibaki, maana ndicho mteja atakachopewa mkononi, ndani ya mkate, ikiwa na haradali. Lakini katika menyu ya Franken, penye Blaue Zipfel, mtu akiandika "soseji za kuchoma katika siki" atakuwa amewaandikia wasomaji wake kitu kisichowezekana jikoni. Hapo ndipo mnofu unapotuokoa. Na katika hati za kibiashara au za kisheria, tuache Bratwurst kama ilivyo, kwa sababu kanuni za vyakula za Ujerumani zinakubali Bratwurst iliyo mbichi na Bratwurst iliyokwisha kupitishwa katika maji ya moto, na neno "kuchoma" katika hati ya namna hiyo linaweza kumfanya msomaji aamini kwamba bidhaa imeshaiva. Shehena nzima inaweza kukwama forodhani kwa kitenzi kimoja.

Kwa hiyo ninapendekeza kiingizo chetu kiwe na mistari miwili: mmoja wa maana inayosikika leo, mmoja wa mnofu, na mfano wa Blaue Zipfel chini yake. Pendekezo hili nimeliandika na kulikabidhi kwa katibu, na naomba lijadiliwe baada ya chai.

Ama kuhusu Leberkäse, ambayo jina lake linataja ini na jibini, na ambayo huko Bavaria haina ini wala jibini, namwachia mzungumzaji anayefuata. Amekuja na kamusi tatu, nimeziona.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.